Injini inawaka, Broome iko karibu: Smirnov alikosea kutua?

Machi 3, 1942, ndege ya abiria aina ya DC-3, mali ya shirika la Kiholanzi la KNILM, ilitoka Bandung katika kisiwa cha Java (Indonesia ya leo, wakati huo koloni la Waholanzi), ikielekea Broome, kaskazini-magharibi mwa Australia. Ndani walikuwamo watu 12. Ikiwa imebakiza kama kilomita 80, ndege za kivita za Kijapani aina ya Zero, zikitoka kuishambulia Broome, ziliivamia. Injini ya kushoto ikashika moto. Rubani Ivan Smirnov, mwenye majeraha ya risasi mikononi na nyongani, akaiteremsha kwa kuizungusha kwa kasi hadi ufukweni Carnot Bay.

Hoja ya kumlaumu kwa kutoendelea hadi Broome si nyepesi. DC-3 huweza kuruka kwa injini moja, na kilomita 80 kwake ni mwendo wa dakika 20 hivi. Huko Carnot Bay hapakuwa na daktari wala maji ya kunywa, na Zero zikaendelea kuwamiminia risasi wakiwa wameshatua. Ufukwe mtupu hauna pa kujificha.

Naiheshimu hoja hiyo, ila inasahau tofauti moja kubwa. Injini ikizimika tu, rubani huongeza nguvu ya injini ya pili na kuendelea. Injini ikiwaka, moto unakula bawa lenyewe, na mafuta yamo humo humo bawani. Bawa likikatika, ustadi wote umekwisha. Tena dakika 20 za kwenda moja kwa moja, huku Zero ziko mgongoni! Smirnov aliwahi kuwa rubani wa kivita wa Urusi katika Vita Kuu ya Kwanza. Alijua ndege inayokwenda mstari ulionyooka hupigwaje. Aliitua kwenye mchanga, ikaishia kwenye mawimbi, na maji ya bahari yakauzima moto. Kwangu mimi, kutua kule kulikuwa sahihi.

Swali gumu zaidi ni la safari yenyewe: kupakia raia, mtoto mdogo akiwamo, kwenye ndege isiyo na bunduki hata moja na kuirusha katika anga ya vita. Waliobaki Java nao hawakuwa salama. Waholanzi walisalimu amri kwa Wajapani siku tano baadaye, na familia nyingi zikaishia kwenye kambi za wafungwa. Mzazi aliyekubali kupanda ndege siku ile hakuwa mzembe. Alichagua hatari ya saa chache badala ya kifungo asichokijua mwisho wake, na katika hali ile ningechagua hivyo hivyo.

Watu wanane waliokolewa baada ya siku kadhaa za kiu. Habari za Carnot Bay zikitajwa, wengi huuliza kwanza kuhusu kifurushi cha almasi kilichodondoka majini pale. Miongoni mwa wanne waliokufa walikuwamo mama na mwanawe wa kiume, hata miaka miwili hajatimiza.