Pilipili ikae pembeni, na iwe ya kusaga

Jamani naomba niongelee pilipili, maana kuna kitu kinapotea huku pwani na naona wengi tumenyamaza tu. Sehemu nyingi za kula sasa hivi, iwe Dar iwe Zanzibar, mezani unakuta chupa mbili, moja ya tomato sosi na nyingine ya chili sosi, ukiulizia pilipili ya kusaga unaambiwa hatuna dada, tumia hiyo hiyo nayo inawasha. Sawa inawasha, ila mimi sikuulizia kuwashwa.

Wageni wakisikia chakula chetu kina viungo wanadhani kitawachoma mdomo, kumbe wapi. Pilau ina bizari nzima, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, na bado mtoto mdogo anakula, bibi anakula, mgonjwa anakula, wote sinia moja. Pilipili inakuja na kibakuli chake au imo kwenye kachumbari, anayetaka anachota, asiyetaka hakuna anayemsumbua. Hata urojo pale Forodhani, muuzaji atatia badia, kachori, viazi, chatne, vile vichipsi vya mhogo juu, halafu pilipili ndo ya mwisho na anakuuliza kwanza. Kwangu mimi huo ndio uungwana wa meza ya pwani, anayepika hamwamulii anayekula.

Na usidhani ni mambo ya juzi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli na mchuzi, na pembeni akawekewa achari ya limau, achari ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili hiyo haiwezi kuwa hii yetu ya kuwasha kwa sababu hii asili yake ni bara la Amerika, haikuvuka bahari mpaka baada ya Columbus 1492, ndipo Wareno wakaisambaza kwenye bandari za Afrika na India. Kwa hiyo pilipili mbuzi na pilipili kichaa zilipoingia huku zilikuta kibakuli cha pembeni kipo tayari kinazisubiri! Mimi hilo linanifurahisha sana kila nikilifikiria.

Sasa tuje kwenye harufu, hapa ndipo sosi ya chupa inaposhindwa kabisa. Chukua pilipili mbuzi moja ya njano, ile iliyojikunja, na kikonyo chake, itumbukize nzima kwenye mchuzi wa samaki wa nazi dakika za mwisho moto ukiwa mdogo, usiibonyeze na mwiko, iache ielee tu. Ukali mwingi umejificha ndani kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, kwa hiyo isipopasuka mchuzi hauwashi, ila harufu inatoka na jikoni pote pananukia kama matunda. Halafu unaiopoa unaiweka kwenye kisahani, mwenye kuitaka anaiminyia kwenye wali wake. Chupa gani inakupa hiyo? Ya chupa ni sukari, siki na rangi, ukila Tanga au ukila Kariakoo ladha ni ile ile.

Wakati pilipili ya kusaga kila mtu ana yake. Wale wa mihogo Coco Beach, huyu anaweka ukwaju, yule anasaga na embe bichi, mwingine karoti na kitunguu saumu, na watu wanachagua pa kununua kwa sababu ya pilipili wala sio mhogo, mhogo si ule ule tu.

Najua wauzaji watasema inachacha, na kweli ukisaga mbichi ukaiacha juani tangu asubuhi bila friji mpaka jioni imeshaanza kutoa povu, na mteja akiumwa tumbo lawama ni zako. Hilo sibishi. Lakini mama zetu walikuwa wanaichemsha kwanza ndo wanasaga, wanatia chumvi ya kutosha na ndimu nyingi au siki, wanaifunga kwenye chupa safi iliyokauka, na wanachota kwa kijiko kikavu. Inakaa. Pilipili zenyewe sokoni unanunua fungu, blenda zipo, kwa hiyo bei nayo sioni kama ni sababu, zaidi naona tumeanza kuamini chupa yenye lebo ndo ya kisasa na kibakuli ni ushamba.

Wenye migahawa, hasa nyie mnaoandika kwenye bango chakula cha Kiswahili, wekeni kibakuli mezani. Mkiona ni hasara wekeni bei yake kabisa kwenye menyu, mimi nitalipa na najua sitakuwa peke yangu.