Wote walisema hapana kwa NAFTA, ila kila mtu na sababu yake

Nina rafiki ambaye kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia hunitumia ujumbe ule ule: Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, na Donald Trump ni mapacha, wote wanapambana na mfumo. Tunabishana tangu 2016. Mimi humjibu kwamba "mgombea wa nje ya mfumo" ni anwani tu, na itikadi ya mtu huisomi kwenye anwani yake. Nyumba njema si mlango.

Kipimo changu ni NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko ulioanza kutumika Januari 1, 1994. Vigogo wa vyama vyote viwili waliutaka. Bush baba aliutia saini, Clinton akauvusha bungeni. Wagombea wa nje ndio walioukataa, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo rafiki yangu anapouona upacha wake. Mimi huuliza: wameukataa kwa nini?

Chukua Ross Perot, bilionea wa Texas aliyetajirikia kwenye kompyuta. Mwaka 1992, akigombea urais bila chama, alikuwa akinunua nusu saa nzima ya televisheni na kuonyesha chati, kama mwalimu wa hesabu aliyechelewa kumaliza silabasi. Hoja yake ilikuwa hesabu kweli: mishahara ya Meksiko iko chini, kwa hiyo viwanda vitahamia huko. Matajiri hakuwalaumu, naye alikuwa mmoja wao. Alichokichukia ni deni na nakisi ya bajeti, kiasi kwamba alipendekeza kodi ya petroli ipande senti 10 kila mwaka kwa miaka 5. Hebu fikiria mtu anayeomba kura huku akiahidi kupandisha bei ya mafuta! Na bado alipata karibu asilimia 19 ya kura zote, na jimboni Maine akampita Bush, rais aliyekuwa madarakani. Kura za wajumbe, zile zinazomtoa rais, hakupata hata moja.

Pat Buchanan, aliyewahi kumwandikia Rais Nixon hotuba, aliupinga mkataba huo huo bila kuhitaji chati. Kwake NAFTA ilikuwa ufa kwenye ukuta wa taifa, sawa na uhamiaji. Kaulimbiu ya "Marekani Kwanza" aliitumia tangu 1992, na mwaka 1996 alishinda kura za mchujo za Warepublican kule New Hampshire.

Ron Paul ndiye anayewachanganya wengi. Daktari huyu wa uzazi, naye wa Texas, aliipinga NAFTA kwa sababu aliiona haina uhuru wa kutosha. Alitaka ushuru wa forodha usiwepo kabisa. Watu wakitaka kuuziana, waache wauziane. Mkataba mnene wenye tume za kuusimamia ni serikali kuingiza mkono tu. Kwake yeye mkosaji ni serikali yenyewe, iwe inapigana vita Iraq au inachapisha dola.

Bernie Sanders alipiga kura ya hapana mwaka 1993, akiwa Baraza la Wawakilishi. Aliona mkataba umeandikwa kwa faida ya makampuni, na mfanyakazi wa Marekani anashindanishwa na mwenzake wa Meksiko ili wote wawili walipwe kidogo. Yeye hujiita mjamaa wa kidemokrasia, na hapa msomaji wa Kiswahili apunguze mwendo kidogo, maana neno hilo kwetu lina vijiji na Azimio la Arusha ndani yake. Alipogombea urais, Sanders hakuahidi kutaifisha mabenki. Mfano anaopenda kuutoa ni Denmark: bima ya afya kwa wote, vyuo vya umma bila ada, na kima cha chini cha mshahara ambacho mwaka 2016 alitaka kiwe dola 15 kwa saa.

Sasa tazama kilichotokea baada ya mtikisiko wa mabenki wa 2008. Paul, akiwa Baraza la Wawakilishi, na Sanders, akiwa Seneti, walisimama pamoja kudai Benki Kuu ya Marekani ikaguliwe. Mei 2010 hoja ya Sanders ilipita Seneti kwa kura 96 kwa 0. Paul alitaka ukaguzi kama hatua ya kuifuta benki hiyo. Sanders alitaka kujua ni mabenki gani yaliyopewa fedha. Jembe lilikuwa moja, kila mmoja akilima shamba lake.

Trump je? Kwangu, sababu yake ndiyo nyepesi kuliko zote, na pengine ndiyo maana iliuzika. NAFTA ilikuwa mbaya kwa kuwa waliojadiliana walikuwa wajinga. Yeye angepata mapatano bora. Haki yake nimpe: aliyapata. Mkataba mpya, USMCA, ulianza Julai 1, 2020, na unataka asilimia 75 ya thamani ya gari itoke ndani ya nchi hizo tatu. Sanders aliukataa nao.

Rafiki yangu ana karata moja nzuri, nayo ni Michigan. Machi 2016 Sanders alimshinda Hillary Clinton huko kwenye mchujo. Novemba Trump akalichukua jimbo kwa kura 10,704. Nakubali, hasira ya mtu aliyefungiwa kiwanda haina chama. Nakubali pia kwamba wote wawili walisoma kilichompata Perot. Trump aliwahi kuchungulia tiketi ya chama alichokuja kukianzisha Perot, kwa uchaguzi wa 2000, akajitoa. Aliporudi alipitia mlango wa Warepublican. Sanders, seneta asiye na chama, alipitia wa Wademokrat.

Lakini mwaka 2025 Trump aliyerudi madarakani aliiwekea Kanada na Meksiko ushuru, washirika wa mkataba alioujadili mwenyewe. Aprili, Seneti ilipopiga kura kuupinga ule wa Kanada, Warepublican wanne waliungana na Wademokrat. Mmoja wao alikuwa Rand Paul, mwana wa Ron. Sanders naye alikuwa upande huo huo. Nilimtumia rafiki yangu matokeo ya kura. Akajibu, "Basi Sanders na Paul ndio mapacha."