Dripu ya mkononi inaonewa

Mgonjwa wa saratani ya koo akishapewa majibu hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, jamaa wa ng'ambo hawakawii kutuma ujumbe: msikubali dripu ya dawa ya saratani mkononi, kuna tiba ya kumwaga dawa hiyo ndani ya uvimbe wenyewe kupitia ateri, mshipa unaoupelekea damu, tena sambamba na mionzi. Hapo watu huanza kupiga hesabu za India, na shamba la mikarafuu Pemba linatajwa bei. Dripu inabaki kuonekana tiba ya asiyejiweza.

Wanaoisifu njia ya ateri hawasemi upuuzi. Daktari huingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena, akauongoza hadi shingoni kwenye tawi linalolisha uvimbe, akamimina sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, pale pale. Wakati huo huo sodiamu thiosalfati hupitishwa kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ili kuizima dawa inayosambaa mwilini, figo zisiumie. K. Thomas Robbins na wenzake Marekani waliiendeleza njia hii miaka ya 1990, na matokeo ya mwanzo yaliwatia watu moyo kwelikweli.

Kisha Waholanzi wakazipambanisha njia mbili hizi. Wagonjwa 239 wenye saratani kubwa zisizofaa kupasuliwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wote wakapigwa mionzi. Wa ateri walipangiwa dozi nne, moja kila wiki, jumla yake maradufu ya ile ya wenzao wa dripu. Matokeo yalichapishwa 2010: hakuna tofauti katika kuudhibiti uvimbe, wala katika kuishi. Figo za kundi la ateri zilisalimika zaidi, hilo tukubali, lakini madhara ya neva yalikuwa mengi zaidi kwao. Dawa maradufu, na faida haikuonekana.

Sasa tazama kitu kisichotumwa kwenye simu. Mionzi ya saratani hizi kwa kawaida ni vikao 35 vya siku tano kwa wiki, yaani wiki saba. Tafiti zinakadiria kwamba kila siku inayozidi ratiba hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 na kitu, kwa sababu seli zilizosalia huzaana upesi mionzi inapokatika. Wiki moja ikipotea ni asilimia 7 au zaidi. Na kuongeza dawa juu ya mionzi, kwa uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio mengi, kulizidisha waliokuwa hai baada ya miaka mitano kwa asilimia 6.5. Najua vipimo hivi si kimoja, kile ni cha uvimbe na hiki ni cha uhai. Hata hivyo ukiviweka pamoja unashtuka: familia inahangaikia njia ya kupitishia dawa, na huku wiki moja ya kukaa nyumbani inaweza kula faida yote ya hiyo dawa.

Kwetu wiki hiyo hupotea kirahisi mno. Mgonjwa wa Mkoani, Pemba, huvuka bahari hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kufika wiki ya tatu au ya nne kinywa kimechubuka, hata uji haupiti, na aliyemsindikiza ameishiwa pesa. Wanasema turudi tupumzike kidogo. Wengine huchelewa hata kuanza, maana meno mabovu hayakung'olewa mapema, na kung'oa baada ya mionzi ni kuhatarisha taya. (Watafuna tambuu wenzangu tunajua hali ya meno yetu.)

Upo ugonjwa mmoja ambao ningesita kuubishia: saratani ya uwazi wa taya la juu, chini ya jicho. Wajapani wameendelea kuitibu kwa ateri pamoja na mionzi, kwa kuwa uvimbe wake huwa mkubwa, wa upande mmoja, na upasuaji wake unaweza kuondoka na jicho. Mgonjwa wa namna hiyo, au mwenye figo dhaifu, ana sababu ya kumuuliza daktari wake. Muhimbili nako tayari wanafundishwa wataalamu wa tiba radiolojia, yaani wa kuongoza mpira mishipani kwa msaada wa picha, kwa hiyo swali hili litazidi kuulizwa hapa hapa nchini.

Wa koo na ulimi, ambao ndio wengi, maswali yao ya kwanza ni mengine: nani atakaa naye Dar wiki zote saba, atalala wapi, na akishindwa kumeza atawekewa mpira wa chakula siku gani. Kama shamba ni lazima liuzwe, liuzwe kwa ajili ya hayo.