Fursa ya Kuchora Bure

Wiki hii nimetumiwa lile tangazo mara kumi na moja. Nimehesabu. Mara nne na watu wa kanisani, mara mbili kwenye kundi la ukoo, na zilizobaki na marafiki wanaojua kabisa kwamba kazi inayonilisha ni kuchora nembo na mabango. Wote wameandika chini yake maneno yaleyale: "Fursa hiyo, vijana wabunifu!"

Tangazo ni la shirika moja hapa Kisumu. Silitaji, maana mlango wao uko njiani kwangu na salamu bado tunapeana. Wanataka nembo mpya. Badala ya kutafuta mchoraji wakae naye chini wakubaliane bei, wameandaa shindano. Vijana wa miaka 18 hadi 30 wachore, watume, jopo lichague. Mshindi atapewa fulana, cheti na "kutambuliwa". Kisha kule chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, kifungu cha 6: michoro yote itakayotumwa itakuwa mali ya waandalizi. Si mchoro wa mshindi. Yote.

Hebu piga hesabu. Tuseme wamejitokeza vijana 60, kila mmoja akatumia siku mbili. Hizo ni siku 120 za kazi, miezi minne, kwa fulana moja. Na hiyo fulana usishangae ikiwa na nembo yao kifuani.

Mjomba wangu alikuwa mchora mabango mtaa wa Kondele, hapa Kisumu. Kama ulipita barabara ya Kakamega miaka ile kabla ya mabango ya plastiki, umesoma mkono wake: vinyozi, posho mili, maduka ya dawa, na ng'ombe wa buchari anayetabasamu kana kwamba hajui yuko pale kwa sababu gani. Nilikuwa nikimbebea mikebe likizoni. Alikuwa na uzi aliopaka chaki. Ananishikisha ncha moja, anauvuta, anauachia, pwa! mstari umekaa ukutani. Hakutumia rula. Alinifundisha kwamba herufi hazilingani matumbo: M na W zinakula nafasi, I inapita kama mtu mwembamba kwenye matatu iliyojaa. "Ukizipa zote nafasi sawa," alisema, "neno linakuwa na pengo kama mzee aliyeng'olewa meno." Neno KINYOZI lina I mbili, kwa hiyo alilihesabu kama herufi sita, si saba. Kivuli cha herufi zake kilianguka kulia siku zote, maana jua lake lilikaa kushoto na halikuwahi kuhama.

Siku moja alikuwa ukutani kwa mwenye baa mmoja, akichora NYAMA CHOMA kwa nyekundu, kivuli cha manjano. Mwenye baa akatoka, akaangalia, akaona kazi imekuwa nyepesi mno. Mkono unatembea tu! Akasema, "Omera, rangi nimenunua mimi, ngazi ni yangu, ukuta ni wangu. Wewe umeleta nini hapa ndiyo nikulipe pesa yote hiyo?" Mjomba hakujibu. Alishuka, akaosha brashi kwa tapentaini taratibu, akaifunga kwenye gazeti, tukaondoka. Ukuta ulibaki NYAMA CHO. Kesho yake watoto wa mtaa wakaokota makaa wakaongeza O.

Siku ya tatu pesa ilikuja nyumbani, yote, ndani ya bahasha.

Swali la yule mwenye baa ndilo ninaloulizwa mpaka leo, ila siku hizi linakuja limevaa tai. Umeleta nini? Mbao tunalipia. Saruji tunalipia. Jasho tunalipia, ingawa kwa kubembelezana. Akili iliyoamua mbao ikae vipi, hiyo tunaiita kipaji, na mazungumzo ya pesa yanaishia hapo.

Mimi hilo neno limenichosha. Kipaji, kipawa, yote yanatoka kwenye kupa. Umepewa. Mungu hakukutoza, na wewe utatutozaje? Daktari hana kipaji, ana taaluma. Wakili ana taaluma. Anayechora, anayeimba, anayeshona, huyo ana kipaji, kama kipele: kimemtokea tu. Zile miaka mjomba alizoharibu mikebe ya rangi akijifunza kuchora S isiyoonekana kama nyoka aliyekanyagwa, hazihesabiki. Na angalia tulivyolifanya neno usanii. Mtu akikutapeli unasema "amenifanyia usanii". Basi jamii ambayo jina la kazi yako ni jina la utapeli, utaipelekea ankara saa ngapi?

Nirudi kwenye kifungu cha 6, maana hapo ndipo hasira yangu imekaa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haikwambii uende ofisi yoyote kwanza. Ukishachora, kazi ni yako, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kuzikwa. Kusajili kunasaidia siku ya ugomvi, lakini haki haisubiri cheti. Ila sheria hiyohiyo ina shimo ambalo wengi wetu tunatumbukia bila kujua: kazi ukiagizwa na mtu, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwake, labda muwe mmekubaliana vingine. Kwa hiyo wewe uliyemchorea mtu nembo kwa maneno ya mdomo, ukaiona baadaye kwenye magari, sare na vikombe, huna mengi ya kusema. Sasa, mshindani hajaagizwa na mtu. Amejituma mwenyewe. Na haki haihami hivihivi kwa mtu ambaye hajakuagiza wala kukuajiri. Lazima kuwe na maandishi. Ndiyo maana kifungu cha 6 kikaandikwa. Kuna mtu alikaa mezani akafikiri, akaona hii michoro ina thamani ya kutosha kumlipa wakili aitungie sentensi, lakini haina thamani ya kutosha kumlipa aliyeichora. Msiniambie hawajui. Wanajua kuliko sisi.

Wengine wataniambia shindano linafungua milango. Haya. Namjua kijana mmoja aliyeanzia kwenye shindano, leo ana mashine yake ya kuchapa na wafanyakazi wawili. Mmoja.

Kuhusu kompyuta nitasema kwa ufupi, kwa sababu nikianza sitalala. Zamani mteja aliniuliza, "Si kompyuta ndiyo inachora?" Sasa anakuja na picha aliyotengenezewa na akili bandia kwenye simu, saluni imeandikwa KINYOZZI kwa Z mbili, anasema "malizia tu". Picha yenyewe imepita WhatsApp mara tatu. Ukiipanua iwe bango la mita tatu inageuka vigae vya bafuni. Lazima niichore upya, mstari kwa mstari. Nikitaja bei ananiangalia kama nimemtukana mama yake. Sisemi kifaa ni kibaya, nakitumia. Mjomba naye alipotezwa na mashine kama ninayokaa mbele yake leo, na kabla ya mashine, na kampuni za simu na soda zilizopaka vioski rangi zao bila malipo. Mwenye kioski alifurahi: rangi ya bure! Mtaa mzima ukawa kijani na nyekundu, na ng'ombe wa kutabasamu wakafutika.

Aliyenifundisha biashara si dizaina. Ni mwenye hema. Mwaka juzi nilifanya kazi ya hafla moja, ya kutoa tuzo za ubunifu, mtajijazia wenyewe. Mabango yote nilichora mimi, kwa ahadi. Asubuhi ya hafla lori la hema limesimama uwanjani, vijana wamekaa juu ya vyuma wanatafuna miwa. Mratibu anakimbia huku na kule, wageni wako njiani. Mwenye hema ametulia: "Madam, sishushi chuma kabla sijaona nusu." Ndani ya dakika tano simu yake ikalia, pesa imeingia, hema likasimama. Mpishi wa samaki alikuwa ameshalipwa jana yake. Spika zimelipwa, mshereheshaji vilevile. Mimi niliambiwa, "Wewe ni mtu wetu." Miezi minne nilikuwa mtu wao.

Lazima niseme na hili, hata kama linaniuma: sisi wenyewe tunaibiana. Nenda soko la Kibuye. Fundi akibuni kiti chenye mgongo wa aina mpya Jumatatu, Ijumaa kiko vibanda vitano. Mimi kivuli cha herufi zangu ni cha mjomba, na mjomba alikitoa kwenye ukuta wa kampuni ya soda. Gitaa la benga, muziki wa Waluo, lilijifunza kutembea kwa nyatiti, ala yao ya nyuzi, na hakuna aliyeipelekea nyatiti hundi. Sitaki dunia ya kulipia kila mstari. Tungekuwa maskini zaidi, na kimya zaidi. Lakini fundi akimwiga fundi, wote wanarudi nyumbani na unga. Shirika lenye bajeti, gari na dereva likichukua michoro 60 ya watoto wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta, hapo tusiite kujifunza.

Juzi alikuja msichana wa jirani, amemaliza kozi, hana kazi. Amebeba daftari. Amechora pua ya mashua kama zile za ufuo wa Dunga zilizopakwa rangi, na kutoka puani zinatoka nyuzi nane za nyatiti zinazogeuka mawimbi. Nilinyamaza kwa muda. Ni kazi ambayo ningetamani iwe yangu. Nikamwambia usitume, nikamhubiria haya yote mliyosoma, nusu saa nzima. Akasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Uncle, wewe una duka. Mimi nina hili daftari tu."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Basi tukakaa tukafanya hivi. Tulisafisha mchoro kwenye kompyuta, faili ya asili ikabaki kwenye diski yake, nyingine kwangu. Tukatoa picha ndogo, ya kuonekana vizuri kwenye simu na si zaidi. Fomu tuliichapisha, kifungu cha 6 akakikata kwa kalamu, akaweka sahihi kando ya mkato, akaandika kwa mkono wake kwamba mchoro ni wake hadi watakapokubaliana bei kwa maandishi. Tukapiga picha, tukatuma vyote pamoja. Nilidhani watamtupa nje siku hiyohiyo.

Jana jioni wamejibu. Jopo limependezwa mno, wanaomba awatumie haraka faili kubwa, ile ya kuharirika. Tumewatumia ankara. Nusu kwanza.