Kila mahakama ianze upya ili iweje?

Mwandishi unasema sheria ya Texas ya 2003, ile inayoruhusu paneli ya majaji 5 kuhamishia kesi za madai zinazofanana kwa jaji mmoja, inamnyima mtu mahakama ya kwao, mi sikubali kabisa. Baridi ile ya Februari 2021 umeme ulikatika mabomba yakapasuka, dari ikadondoka juu ya kitanda cha mama, godoro likaganda kama ubao. Watu wakazishtaki kampuni za umeme kwenye mahakama za kaunti tofauti, kesi zikakusanywa Houston, maana mashahidi walewale, makaratasi yaleyale. Na pale ni maandalizi tu jamani, kusikilizwa zinatakiwa kurudi zilikofunguliwa. Kinachoniuma ni muda, wazee wanasubiri mpaka wanachoka, bunge la jimbo liweke ukomo.