Hilo daftari linakaa wapi?

Swali lake la kwanza kwangu, mnasihi wake hapa Dodoma, lilihusu daftari langu.

"Daktari, hilo daftari likijaa linakaa wapi?"

Ni mtumishi wa umma, ana miaka arobaini na kitu. Ofisi yake iko Mji wa Serikali, Mtumba, na nyumba yake iko Ilazo. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike, na nimefanya hivyo kwa kila mteja nitakayemtaja hapa.) Simu alikuwa ameiacha kwenye gari. Alikuja kwa sababu usingizi ulimpotea. Saa nane usiku yuko macho, anasikiliza magari. Gari likipunguza mwendo karibu na geti, moyo unamwenda mbio mpaka lipite. Ilikuwa Novemba 2025, baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba. Hajawahi kuandamana, hana kadi ya chama cha upinzani, na mtandaoni hajaandika chochote zaidi ya salamu za pole.

Nilifunga daftari, nikaliweka mezani katikati yetu, nikamweleza. Linakaa kwenye kabati la chuma na ufunguo ninao mimi. Siandiki jina, naandika namba. Siandiki maneno ya siasa. Naandika usingizi, hamu ya kula, pumzi. Nilimweleza na mipaka yangu: mtu akiniambia anataka kujiua au kumdhuru mwenzake, sitakaa kimya, na mahakama ikitoa amri, inanifika kama inavyomfika mwananchi mwingine. Nikamwonyesha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Dakika ishirini za saa yake ziliishia hapo. Miaka ya nyuma ningeona nimepoteza muda wake. Sasa naamini zile dakika ndizo zilikuwa tiba ya siku hiyo, kwa sababu yule bwana alikuwa hajapewa jibu la kweli na mtu yeyote tangu mwisho wa Oktoba.

Tuna msemo kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tunautumia kumtuliza mtu: tulia, hicho ni kiunyasi tu. Sehemu kubwa ya mafunzo yetu ya unasihi imejengwa juu ya kiunyasi hicho. Mtu anaogopa lifti, anaogopa ndege, anaogopa watu wanamsema. Unamuuliza ushahidi uko wapi, mnaupima pamoja, hofu inapungua. Njia hiyo nimeitumia miaka mingi na inasaidia kweli. Sasa jaribu kumuuliza mkazi wa Dodoma ushahidi uko wapi. Atakukumbusha tarehe 7 Septemba 2017, mchana kweupe, Tundu Lissu, mbunge wa upinzani wakati huo, alipomiminiwa risasi nyumbani kwake Area D akitoka bungeni, na hakuna aliyehukumiwa kwa tukio lile. Atakutajia Ali Kibao, kada wa chama cha upinzani cha CHADEMA aliyeshushwa kwenye basi mbele ya abiria Septemba 2024 na kupatikana akiwa maiti. Atakwambia kwamba neno "watu wasiojulikana", yaani watekaji na washambuliaji wasiokamatwa, hata mtoto wa shule ya msingi analijua maana yake. Kisha atafika kwenye Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025: maandamano, risasi, vifo, intaneti kuzimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na sisi huku Dodoma tukiwapigia ndugu wa Dar es Salaam kujua nani yuko hai.

Ushahidi wa mteja huyu ni mrefu kuliko maswali yangu. Nikimwambia anawaza kupita kiasi, namdanganya, na yeye anajua namdanganya. Hapo ndipo nisipokubaliana na wenzangu wengi katika kazi hii. Wanaiandika hofu hii kama wasiwasi wa kawaida, wanatoa zoezi la kupumua, wanapanga miadi ya wiki ijayo. Zoezi la kupumua nalitoa hata mimi. Lakini kabla yake namwambia mteja wazi: "Unachokiogopa kipo. Kukiogopa si ugonjwa wa akili." Mama mmoja wa Nkuhungu aliposikia hivyo aliinamisha kichwa, akalia kwa muda mrefu. Alikuwa anaogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, yaliyotokea nchini na uwezekano kwamba anarukwa na akili. Katika mji wenye Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, ambako watu wanataniana kila siku kwamba fulani apelekwe Mirembe, hofu hiyo ya pili si ndogo. Nilimwondolea ya pili. Ya kwanza tukabaki nayo wawili.

Kisha inakuja kazi ngumu zaidi, kwa sababu hofu yenye sababu nayo hukua ikapita sababu yake. Mama huyu alikuwa na picha kwenye simu alizotumiwa na mdogo wake wa Dar. Intaneti iliporudi, ukaingia ujumbe unaoonya watu wasisambaze picha za kuleta taharuki. Akazifuta. Akazifuta na picha za harusi zilizokuwa karibu nazo. Akaanza kuikagua simu ya mwanawe wa kidato cha pili kila jioni, akamkataza kwenda kucheza mpira, akajitoa kwenye kundi la WhatsApp la wanakikoba, mahali pekee alipokuwa anacheka. Hapa sikumwambia aache kuogopa. Nilimuuliza swali moja, nikalirudia wiki tatu: kati ya haya unayoyafanya, lipi linakulinda na lipi linakupunguza tu? Kufuta picha alisema linamlinda. Sikubishana naye, ni uamuzi wake na ni yeye anayeishi nao. Kumfungia kijana ndani akaona hakumlindi mtu. Kujitoa kikobani kulimwachia hofu yote aibebe peke yake, akarudi.

Na mwili nao una haki yake. Simu haikai kitandani. Inachajiwa sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Habari mara moja kwa siku, kwa kusoma, kwa sababu video inaingia mwilini kabla akili haijaipima. Moyo ukienda mbio, miguu chini, sakafu ya baridi, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Mambo haya yanajulikana, sitayarefusha.

Ninalotaka kulikazia ni hali ya mji wetu, kwa sababu ushauri mwingi unaandikwa kwa ajili ya watu wanaoiogopa serikali wakiwa mbali nayo. Dodoma hatuko mbali. Tangu wizara zilipoanza kuhamia huku baada ya tamko la mwaka 2016, mtaa mmoja unaweza kuwa na karani wa wizara, askari, mwalimu, dereva wa mheshimiwa na mhadhiri wa UDOM, na wote wanachota maji ya mgao siku zilezile. Mtu anaogopa mamlaka ileile inayomlipa ada ya watoto. Anaogopa jirani aliyemkopesha ngazi. Hawezi kusema "wao" bila kujikuta ndani yake. Mteja wangu wa Mtumba aliniambia kilichomuuma zaidi ya bunduki: kila asubuhi ofisini watu waliulizana habari za nyumbani, wakajibu nzuri, wakafungua kompyuta. Wiki nzima. Alianza kujiuliza kama yeye ndiye pekee aliyeona.

Ndiyo maana ushauri wa "achana na siasa, mwachie Mungu" unanihuzunisha. Nimeusikia kwa wachungaji, kwa mashemeji, na kwa mnasihi mmoja mwenye uzoefu kuliko mimi. Sina neno na sala. Wateja wangu wengi husali na inawabeba. Shida ni ile nusu ya kwanza. Mtu hakuifuata siasa, ilimfuata yeye kitandani. Ukimwambia aachane nayo umemfundisha kwamba hata kwako hapasemeki. Upande wa pili nao nauogopa, wa mnasihi anayegeuza chumba kuwa mkutano wa hadhara, akatoka amepumua yeye na mteja akaenda nyumbani na hasira ya mtu mwingine. Hasira yangu ninayo. Naipeleka kwa mwenzangu tunayekutana kila Jumamosi kusikilizana, siipeleki kwa aliyekuja kulia.

Katika haya nimejifunza kwa Wachile. Wakati wa utawala wa Pinochet, ulioanza kwa mapinduzi ya Septemba 1973, wanasaikolojia wa huko, Elizabeth Lira akiwa mmojawapo, waliwahudumia walioteswa na familia za waliopotezwa huku utawala wenyewe ukiendelea. Waliona kwamba mtaalamu hawezi kukaa katikati kati ya aliyeteswa na mtesaji. Lazima mteja ajue kwamba unaamini kilichomtokea na unakiita kwa jina lake. Msimamo huo hauhitaji bendera ya chama.

Lakini si lazima twende Chile. Mzee mmoja kutoka upande wa Chamwino aliletwa kwangu na binti yake. Alikuwa ameacha kula. Nilimwamkia, nikakaa chini kidogo ya kiti chake, nikasubiri. Alipoanza kuongea hakuanzia Oktoba. Alianzia Operesheni, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Ugogo ilihamishiwa vijijini mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri. Alikuwa kijana. Alimkumbuka baba yake amesimama kwenye tembe lililoezuliwa, ameshika kigoda, hajui akiweke wapi. Katika miaka yote hiyo binti yake hakuwahi kusikia habari hiyo. "Baba, mbona hukutuambia?" Mzee akajibu, "Mwanangu, tuliambiwa ni maendeleo. Ningeanzaje kulia?"

Sikuwa na la kuongeza. Binti alisogeza kiti. Jioni ile, aliniambia baadaye, mzee alikula ugali wa uwele na mlenda, nusu sahani.

Nauliza wenzangu wa Dodoma, Singida, Kondoa, Kongwa: wangapi tunamuuliza mteja kama familia yake imewahi kuiogopa serikali kabla ya yeye kuzaliwa? Tunauliza kisukari, tunauliza presha, tunauliza kama kuna aliyewahi kulazwa kwa akili. Naomba tuongeze swali hilo kwenye fomu zetu. Na tukishapata jibu, tulifikirie vizuri kabla ya kuliandika.

Yule bwana wa Ilazo alikuja mara saba. Mara ya tano alinisimulia kwamba tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru isiyokuwa na sherehe, wananchi walipotakiwa kubaki nyumbani, alimkuta jirani yake amekaa barazani peke yake. Ni yule jirani aliyekuwa anamhofia, kwa sababu ya kazi yake. Akamsogelea, wakaongea habari za maji. Kisha akajikuta ameuliza: "Unalala lakini?"

Jirani alinyamaza kwanza. "Tangu Oktoba, kaka, saa nane niko macho. Nasikiliza magari."

Mara ya saba alichelewa. Alinipigia simu akiwa njiani, kwa simu ileile aliyokuwa anaiacha kwenye gari, akaniomba radhi: walikuwa wanalipandisha simtanki la jirani kwenye mnara wake, wanaume wanne, na kamba ilikuwa imekatika.