Ziara za vyuo Marekani: tuanze na kikokotoo, barabara itafuata

Kila inapofika likizo fupi ya Machi au Aprili, barabara kuu ya I-95 inayotoka Washington kuelekea Boston hubeba familia nyingi zilizo katika shughuli moja: wazazi wamekaa mbele, kijana wa darasa la kumi na moja, ambaye kwa hesabu za kwetu tungemweka kidato cha tano, amekaa nyuma na simu yake, na wote wanakwenda kukagua vyuo ambavyo kijana huyo huenda akaviomba mwaka unaofuata wa masomo. Desturi hii ni ya Wamarekani wenye nafasi, lakini sisi Watanzania tunaoishi Maryland na Virginia tumeipokea kwa mikono miwili, na siku hizi mzazi asiyempeleka mwanawe Philadelphia au New York kutazama majengo huonekana hajali elimu. Siipingi ziara yenyewe. Ninachokipinga ni mpangilio wake, kwa sababu tunaanza kwa kutazama, tukishapenda ndipo tunauliza bei, na wakati huo mtoto ameshanunuliwa fulana yenye jina la chuo.

Nyumbani tulilelewa kinyume kabisa. Mhitimu wa kidato cha sita hupata matokeo yake, husubiri dirisha la udahili lifunguliwe, hupekua mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, akitafuta kozi zinazokubali tahasusi yake na pointi zake, hutuma maombi, na chuo chenyewe hukiona siku anaposhuka kwenye basi akiwa na begi na godoro. Mfumo umebadilika, kwani kuanzia 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya TCU, na tangu 2017 waombaji wamerudi kuomba moja kwa moja vyuoni, lakini jambo hilo halijabadilika. Mimi nilisoma Sokoine, na kabla ya kwenda kuripoti niliijua Morogoro kwa kuipita dirishani tu, nikiwa safarini kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Wenzangu waliochaguliwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wameuona Ukumbi wa Nkrumah kwenye noti ya shilingi 500 kabla ya kuuona kwa macho, na hakuna mtu aliyekuwa amewaeleza habari ya kubebana, maana noti haionyeshi wanafunzi wawili wanaogawana kitanda cha futi mbili na nusu kwa kuwa mmoja wao amekosa chumba. Mabweni ya wanafunzi 3,840 yaliyozinduliwa pale mwaka 2017 yalileta nafuu, lakini mwombaji wa leo bado anayasikia kwa kuhadithiwa. Maonyesho ya vyuo vikuu yanayofanyika viwanja vya Mnazi Mmoja ni mazuri kwa kukusanya vipeperushi na kuuliza maswali, ila chuo hakiwezi kuhamishiwa chini ya hema.

Pamoja na hayo, mwombaji wa Tanzania ana kitu ambacho mwenzake wa Marekani hana, nacho ni kuijua ada. Mwongozo huitaja, na mtoto wa mkulima wa Rungwe na mtoto wa mkurugenzi wa Masaki wakiingia kozi moja katika chuo kimoja husomewa kiwango kilekile. Kinachobaki kuwaumiza kichwa ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao majibu yake huja baada ya udahili. Huku mambo yamegeuzwa. Mahali pamewekwa wazi, mlango umefunguliwa, kuna mwanafunzi mchangamfu anayetembea kinyumenyume mbele ya wageni huku akieleza historia ya kila jengo, lakini bei halisi imejificha nyuma ya bei ya kutangazwa ambayo familia nyingi hazilipi. Chuo binafsi kinachotangaza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, pamoja na malazi na chakula, kinaweza kumpa mtoto wa mama anayehudumia wazee ruzuku kubwa kiasi cha kumfanya alipe pungufu kuliko chuo cha serikali cha jimbo jirani, na chuo hichohicho kikamdai mtoto wa jirani yake, ambaye wazazi wake wote wawili ni wauguzi, fedha ambazo familia hiyo haitazipata hata ikiuza gari. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwa kuzunguka maktaba.

Ndiyo maana nasema ziara ianzie mezani. Tangu Oktoba 2011, sheria ya shirikisho inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kwa ajili ya wanafunzi viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama, ambacho mzazi hukijaza kipato cha familia, idadi ya watu nyumbani na akiba, kikamletea makadirio ya kiasi atakacholipa baada ya ruzuku kuondolewa. Nilipokaa na binti yangu tukiwa na fomu za kodi za mwaka uliotangulia, orodha aliyokuwa ameiandika nyuma ya daftari la kemia ilipungua kwa zaidi ya nusu kabla hatujawasha gari. Howard na Morgan State, kwa mfano, ni vyuo viwili vya kihistoria vya Wamarekani weusi, vyote vilianzishwa mwaka 1867, na Watanzania wengi wa hapa huvitaja kwa pumzi moja. Lakini Howard ni chuo binafsi kilichoko Washington, ambako ukazi wa jimbo haupunguzi ada, ilhali Morgan ni chuo cha umma cha Maryland, na mkazi wa jimbo hili huanzia kwenye ada iliyo chini sana. Katika Chuo Kikuu cha Maryland, College Park, mkazi hutozwa chini ya theluthi moja ya ada anayotozwa mtu wa nje ya jimbo. Familia iliyohamia hapa kutoka Texas miezi michache iliyopita inapaswa kuchunguza masharti ya ukazi kabla ya kuchunguza mabweni.

Hapa pana mambo mawili yanayotuhusu sisi wahamiaji kuliko wenyeji. Kwanza, makadirio ya kikokotoo huchukulia kwamba mtoto ana haki ya misaada ya shirikisho, yaani ni raia au ana kadi ya ukazi wa kudumu. Mwenye visa ya mwanafunzi, au anayeishi hapa kwa visa ya kazi ya mzazi wake, hana haki hiyo, na kwake vyuo vinavyofaa kutembelewa ni vile tu vinavyotoa fedha zao wenyewe kwa wanafunzi wa kigeni. Pili, fomu ya kuombea misaada ya shirikisho, iitwayo FAFSA, huuliza thamani ya mali isiyohamishika mbali na nyumba unayoishi, na ile nyumba ya Goba, Dar es Salaam, unayoijenga kidogo kidogo kwa kutuma fedha za saruji na nondo kila mwezi ni mali kama mali nyingine. Nimewasikia watu wazima, tena wasomi, wakisema kwamba Marekani haina haja ya kujua mambo ya Goba. Fomu ile hutiwa saini, na asemaye hivyo asimfundishe mwanangu hesabu.

Madhara ya kupenda kabla ya kuhesabu huonekana zaidi mwezi Novemba. Vyuo vingi binafsi vina utaratibu wa maombi ya mapema yanayomfunga mwombaji: mtoto huchagua chuo kimoja, hutuma maombi mwanzoni mwa Novemba, yeye, mzazi na mshauri wa shule hutia saini, na akikubaliwa Desemba hutakiwa kwenda huko na kuyaondoa maombi yake kwingine kote. Anaweza kujinasua ikiwa msaada wa fedha hautoshi, lakini hatakuwa na barua ya chuo kingine ya kulinganisha nayo, na kulinganisha barua mwezi Aprili ndiyo nafasi pekee ambayo mzazi wa kipato cha kati anayo ya kujadiliana na vyuo hivi. Sasa, mtoto husukumwa na nini hadi kutia saini ya namna hiyo akiwa na miaka kumi na saba? Mara nyingi ni ziara moja ya mwezi wa kumi, miti ikiwa imegeuka rangi nyekundu na manjano, wanafunzi wamelala kwenye nyasi, na mzazi aliyeendesha saa saba hataki safari ile ionekane ya bure. Kwangu mimi, chuo kinachotaka kiapo cha Novemba ndicho kisichostahili kutembelewa mpaka kikokotoo chake kimeshajibu.

Baada ya hesabu, naona ni busara kuchagua vyuo vya kutembelea kwa aina yake, jina likae kando, na kuanza na vilivyo karibu. College Park ina wanafunzi takriban 40,000, na mtu akishuka kwenye treni ya metro akatembea humo adhuhuri moja atajua kama anaweza kuishi katika umati wa kiasi hicho. Hana haja ya kuruka hadi Michigan kujifunza jambo hilohilo. Kisha atazame chuo kidogo ambamo darasa lina watu ishirini, na kimoja cha katikati ya mji. Binti yangu alipigwa picha akiisugua pua ya yule kobe wa shaba wa College Park kama wafanyavyo wageni wote, lakini kilichomgusa kilikuwa ubao wa matangazo uliojaa karatasi za watu wanaotafuta wa kushirikiana nao chumba nje ya chuo, kila karatasi ikiwa na bei yake chini. Akasema, “Mama, hizi bei hazimo kwenye kile kitabu tulichopewa.” Nilifurahi kuliko angesifu uwanja wa mpira.

Mdogo wangu aliyeko Mbeya aliniuliza kwenye simu, “Dada, mbona mnakagua vyuo kama watu wanaotafuta kiwanja?” Nikamjibu kwamba hakukosea, isipokuwa mwenye akili hukagua kiwanja wakati wa masika, aone maji yanatuama wapi. Ziara ya Julai, wanafunzi wakiwa wameondoka na maua yamepaliliwa, haisemi kitu. Ni afadhali Jumanne ya Februari yenye baridi, ukaachana na msafara baada ya saa moja, ukala katika ukumbi wa chakula pamoja na wanafunzi, ukamuuliza aliye nyuma yako kwenye foleni anakwenda wapi mabweni yanapofungwa kwa likizo, kwa kuwa mtoto asiye na ndugu karibu anahitaji jibu la swali hilo. Chumba cha mfano unachoonyeshwa hakina harufu ya mtu yeyote. Mwaka 2021 wanafunzi wa Howard walipiga kambi katika jengo la Blackburn kwa zaidi ya mwezi mmoja wakilalamikia hali ya mabweni, ikiwamo ukungu ukutani, na jambo la namna hiyo halitangazwi na mwongoza wageni wa chuo chochote. Nakitaja Howard kwa heshima, kwani bado kimo katika orodha yetu.

Wapo wanaosema kwamba usipotembelea, chuo kitaona huna nia. Kwa baadhi ya vyuo ni kweli, na kwa vingine, vikiwamo Harvard, Stanford na MIT, si kweli. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set, na sehemu yake ya C7 husema wazi kama nia ya mwombaji huzingatiwa au la. Kuhudhuria kikao cha mtandaoni na kujibu barua pepe ni njia nyingine za kuionyesha nia hiyo, tena hazihitaji mafuta ya gari. Baadhi ya vyuo hata huwalipia nauli na malazi wanafunzi wa kipato cha chini waje kutazama, na maombi ya safari hizo hufungwa mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Hisia zina nafasi yake. Kutoka kwetu hadi Lincoln, kile chuo cha Pennsylvania alikohitimu Kwame Nkrumah mwaka 1939, si mbali, na nitampeleka binti yangu huko siku moja ili ajue mwenye jina la ukumbi wa Mlimani alisoma wapi. Hiyo tutaiita matembezi, na haitaingia katika bajeti ya maombi. Montgomery College, chuo cha umma cha miaka miwili cha hapa Maryland, ambacho baadhi yetu tunakidharau kwa sauti ileile tuliyozisemea shule za kata, kimeingia katika bajeti hiyo, kwa sababu miaka miwili ya pale ikifuatwa na miwili ya College Park huishia kwenye shahada ileile.

Nanyi mlioko nyumbani msidhani haya ni ya Wamarekani tu. Daladala huingia hadi ndani ya Mlimani, na Sokoine iko kando ya mji wa Morogoro. Mtoto aliyemaliza mtihani wa kidato cha sita na ana shangazi Dodoma anaweza kwenda kuuona UDOM akapanda vile vilima kwa miguu yake, akauliza maji hukatika mara ngapi, kabla hajaandika chaguo lake la kwanza.

Hapa kwetu mjadala uliobaki unahusu chuo kimoja cha Boston. Binti yangu anataka twende Oktoba. Mimi nimemwambia kwamba makadirio yake yako juu ya uwezo wetu, hivyo aombe kwa utaratibu wa kawaida, na barua ya kukubaliwa na ya msaada wa fedha zikija mwishoni mwa Machi zikiwa na tarakimu tunazoziweza, tutapanda basi pale Union Station, kwa kuwa siku ya mwisho ya kujibu ni tarehe 1 Mei. Baba yake yuko upande wake.